Kifurushi cha Kitangari

Saa mbili asubuhi Tekla Nampota alipiga simu toka ghalani,
akanisomea kosa neno moja moja
kama anayesoma vocha iliyokwanguliwa vibaya:
"Imekosekana... maktaba... ya bandari ya mizani.
Fundi, bandari gani tena?
Bandari si iko huko kwenu Mtwara?"

Nyuma yake magunia yanaburutwa,
mtu anauliza kama leo kuna kupima
au arudi na korosho zake Mnyambe.

Mimi niko Chuno, chai mkononi,
na programu ileile inakimbia mbele yangu bila kukohoa.
Kwangu inafanya kazi:
sentensi hiyo niliimeza kabla haijatoka,
maana haijawahi kumpimia mkulima hata kilo moja.

Nikafungua orodha niliyoiandika mwenyewe.
Juu kabisa, kompaila.
Mega mia tatu nimembebesha Tekla,
yeye asiyejenga kitu, anayepima tu.
Chini yake vifaa vya majaribio,
na mtambo wa kuchapia mwongozo ambao hakuna atakayeusoma.
Ila kile kidude cha kilobaiti arobaini
kinachosikiliza waya wa mizani,
sikukiandika.
Kilikuwa kwenye mashine yangu tangu mwaka juzi,
nilikisakinisha kwa kazi nyingine, nikakizoea.
Nani huandika chumvi kwenye orodha ya sokoni
kabla mkebe haujalia mtupu?

Mjomba Chitwanga alimwaga zege la zahanati pale Ligula.
Siku zilipotimia aling'oa mbao, akang'oa milunda,
akavipakia kwenye guta kwenda kazi nyingine.
Nondo hakuzigusa.
Nilikuwa na miaka tisa, kazi yangu kunyoosha misumari.
Nilinyoosha misumari likizo nzima
nikaondoka na vidole vyeusi, somo nikaliacha palepale.

Basi nikafungua chumba kitupu ndani ya mashine,
chumba kisichonijua,
kisicho na mazoea yangu hata moja,
nikajenga humo.
Ikagoma. Nikaandika jina.
Ikagoma. Nikaandika jingine.
Safu ya kwanza: vya kujengea.
Safu ya pili: vya kuishi navyo.
Kimoja kilinikalisha mpaka adhuhuri,
kile cha kusoma tarehe za msimu:
kinatakiwa huku na kinatakiwa kule,
lakini huku toleo lolote,
kule lisipungue la tatu,
la sivyo mnada wa Oktoba unaangukia Januari.
Kisha nikafungua chumba kingine, kitupu zaidi,
nikasakinisha bila kujenga.
Ikawaka.
Nikaizima, nikaiwasha tena, kwa kutoamini.

Mega sita.
Mtandao wa Kitangari siku hiyo haukuweza hata mega sita,
kwa hiyo flashi ilipanda basi la saa saba
ndani ya bahasha ya dawa ya kikohozi,
jina la Tekla juu yake kwa kalamu ya rangi.

Kule walikuwa wanapima kwa daftari.
Daftari halihitaji umeme, halihitaji maktaba,
linahitaji kalamu tu,
na kalamu, anasema Tekla, iliishiwa wino saa nne,
wakaazima ya mlinzi.
Mlinzi naye akasimama palepale kuilinda.

Saa mbili usiku ujumbe ukaingia:
"Imekubali. Gunia la kwanza la Somoe Likwata,
kilo sabini na mbili na nusu.
Anasema ile nusu ya asubuhi daftari lilimla."

Nikakaa na hiyo nusu.
Sikuwa na safu ya kuiandikia.

Kisha ukafuata mwingine:
"Na ile bandari, umeileta?"

Nikamjibu nimeileta.
Ni ndogo, imo humo humo,
usiitafute.