Nilimpa Njia

Al-Khuwair, baada ya alasiri,
usukani bado unachoma viganja.
Kasimama ukingoni na mikate yake kumi
imefungwa kwa gazeti, mvuke unamlowesha kwapa.
Magari saba yalimpita.
Mimi nilikuwa wa nane.

Mbele yake pundamilia wa rangi,
mnyama asiyewahi kuzaliwa nchi hii,
kaletwa, kalazwa kifudifudi barabarani
ili watu wavuke mgongoni mwake.
Jua na matairi vimemchuna.
Kabaki mbavu, nazo za kukisia.

Nikakanyaga breki. Nikatoa mkono,
kiganja juu, kama ninayekaribisha mgeni ukumbini:
tafadhali, pita.
Akaniamini.

Hapo ndipo penye kosa langu, nataka liandikwe:
barabara ina njia mbili,
mkono wangu ulikuwa wa njia moja.

Nyuma yangu, honi.
Si ile ya kuuliza.
Ni ile ndefu, ya mtu aliyeulalia usukani,
na taa kubwa zinapiga kwenye kioo changu, pa, pa, pa,
kama anayegonga mlango wa choo.
Kisha akachomoka kushoto,
Landkruza nyeupe, ndefu kuliko adabu ya mwenyewe,
akapita palepale nilipomwambia mtu apite.

Sikuona. Nilisikia upepo.
Gari langu lilitikisika kidogo.
Niliona kofia yake nyeupe mbele ya boneti
na nikaanza kuhesabu, sijui nilihesabu nini,
mpaka kofia ikasogea.
Alikuwa amerudi nyuma hatua moja,
hatua moja tu, sijui nani alimnong'oneza.
Mikate ilikuwa chini.

Tairi lilikuwa limechora mstari wake juu ya mkate,
mweusi juu ya mweupe,
pundamilia mwingine.

Hakulaani. Hata mimi hakunitazama.
Aliinama, honi za wengine sasa zikimlilia mgongoni,
akaokota mmoja mmoja,
hata ule uliokanyagwa,
akaubusu, akauweka juu ya ukuta wa bustani ya manispaa
watu wasije wakaikanyaga riziki.
Riziki ilipata wa kuiondoa njiani.
Yeye, je?

Mita mia tatu mbele, kwenye kibanda cha karak,
nikaikuta Landkruza imeegeshwa, injini inanguruma.
Nafasi iliyobaki ilikuwa ubavuni mwake.
Kioo kikashuka.
"Shemeji Zuwena! Kumbe wewe?
Gari lilikuzimikia pale katikati ya njia?"

Mundhir. Binamu yake Ghalib,
yule anayetusomea Yasini kwenye misiba
kwa sauti inayowaliza hata wasiomjua marehemu.
Aliniuliza mama anaendeleaje na magoti.
Alisubiri jibu. Alisikiliza lote.

Nilikuwa na maneno.
Nilikuwa nayo tangu pale kwenye ukuta,
yamejipanga, yamenolewa,
la kwanza likiwa mdomoni kabisa.
Akapiga honi mara mbili.
Kijana wa karak akatoka mbio na sinia,
akipenya baina ya bampa na bampa,
hatazami kulia wala kushoto,
kwa kuwa honi ndiyo jina lake.

"Na moja ya shemeji," Mundhir akamwambia.
"Nalipa mimi."

Nikasema ahsante.
Chai ilikuwa tamu, imekolea iliki.
Nilikishika kikombe
kwa mkono uleule.