Maji Yasiyopita Kwenye Mita

Miaka ishirini na sita nilisoma mita za watu,
nikiinamia vifuniko vya chuma, Migosi hadi Kibuye,
nikifukuza mijusi kwa kalamu.
Siku hizi nainamia pipa.

Ni nusu ya pipa la buluu, lililobeba molasi ya Muhoroni.
Nililisugua siku nne,
na siku ya tano nyuki bado walikuja kuulizia.

Odipo alileta mmea kutoka kinamasi cha Yala,
konzi moja ndani ya kopo la mafuta:
uzi wa kijani uliosokotana, hauna mzizi,
hauna hata jani la kuitwa jani.
"Huu ndio unaokula wadudu?" Akeyo akauliza.
Ndio.
"Mdomo uko wapi?"

Mara ya kwanza niliuua kwa ukarimu.
Niliutilia maji ya bomba na kikombe cha samadi ya kuku,
kama ninavyoitunza sukuma wiki.
Wiki mbili, pipa likawa mchuzi wa mlenda.
Uzi ukayeyuka.

Odipo alicheka hadi akashika ukuta.
Huu, alisema, ni mmea wa maji fukara.
Maji yake hayakuwa na kitu, ukajifunza kuwinda.
Ukiushibisha, umeuzika.
Akaenda kuniletea mwingine.

Basi: mchanga wa mto, nikaufua kama shati la shule
mpaka maji ya mwisho yakatoka hayana neno.
Juu yake majani makavu ya matete na mafunjo,
yakaloweka hadi pipa likapata rangi ya strungi.
Kisha nikangoja mvua.
Mimi, niliyekata maji ya wajane kwa amri ya ofisi,
nikakaa mlangoni nikiyasihi mabati.
Mvua ya kwanza niliiacha ipite na vumbi lake.
Ya pili nikaikinga.

"Unafuga malaria," Mama Atieno wa ng'ambo ya ua akasema,
na akamwita afisa wa afya.

Bi. Nafula alikuja na gambuti, kata nyeupe na daftari.
Akachota mara kumi pipani mwangu:
viluwiluwi viwili.
Akachota mara moja kwenye tairi la Mama Atieno:
akaacha kuhesabu kwenye arobaini.
Hakuna aliyesema kitu.
Kuku wake mmoja alisema.

Halafu akapiga magoti, akaomba kioo changu cha kusomea.
Vifuko, vidogo kuliko punje ya wimbi,
mbavu zimebonyea kama mtu aliyezuia pumzi.
Kiluwiluwi kikapita, kikagusa unywele wa mlangoni,
na hapo palipokuwa na kiluwiluwi
palikuwa na maji.
Hatukuona. Tuliona kabla, tukaona baada.
Mkia tu ulibaki nje, ukicheza kidogo.

"Uuu," akasema Bi. Nafula, afisa wa serikali,
na akasahau kuandika.

Leo asubuhi kuna kikonyo juu ya maji
na ua la njano, sawa na kifungo cha shati.
Mkono ukaenda sikioni kuchukua kalamu, kwa mazoea,
ukakosa safu ya kujaza.
Kulikuwa na mjusi ukingoni.
Nikamwacha anywe.