Hatua Mbili Nyuma ya Kiti

Kiti cha tano ni cha Hasmukh, muuza vyuma wa Kirinyaga Road.
Karata zake mbili kazifunika kwa kiganja
kama anayeficha kifaranga.
Nyuma yake, Kilonzi.

Kilonzi hachezi. Hajanunua hata chipu moja
tangu nianze zamu hapa Westlands.
Soda ya bure mkononi, barafu imeshayeyuka,
shingo ndefu kuliko subira yangu.

Hasmukh akichungulia, macho ya Kilonzi yamo.
Zikiwa mbovu, anashusha pumzi.
Zikiwa nzuri, anaacha kutafuna njugu.
Meza nzima imejifunza kumsikiliza:
njugu zikinyamaza, watu wanatupa karata.
Hasmukh tu ndiye hajui
kwa nini siku ya bahati yake
hakuna wa kumlipa.

Msimamizi ananikonyeza. Maneno nimefundishwa:
"Mheshimiwa, hatua mbili nyuma ya kiti, tafadhali."
Anarudi. Hatua mbili
za mtoto aliyefukuzwa jikoni.
Nikimaliza kuchanganya karata, moja ameshaiiba.

Pilipili usiyoila yakuwashiani?
Aliyesema hivyo hakusimama nyuma ya Hasmukh
saa tisa ya usiku, malkia wawili wako mkononi.
Inawasha. Naona jasho juu ya mdomo wake,
pesa za mwenziwe zinapanda na kushuka
kooni mwake.

Nimemwondoa mara nne.
Mara ya nne akaniuliza, polepole, bila ubaya:
"Na wewe, Jeruto? Unazigawa usiku kucha.
Yako iko wapi?"
Nikagonga meza.
Nikafunua karata ya mwisho.

Saa kumi na mbili. Nimevua tai,
nimeionyesha kamera viganja vyangu, ndani na nje,
kwamba sitoki na kitu.
Langoni mabawabu wawili wanacheza drafti,
vizibo vya soda kwa vizibo vya bia,
ubao ni kipande cha katoni.
Nikapita.
Nikarudi.
Yule mwembamba amebakiwa na vitatu
na kidole chake kinaelekea cha kushoto,
si hicho, Mungu wangu, si hicho,
pumzi ikanitoka kabla sijaishika.

Akageuka. Hana hasira, amechoka tu kama mimi.
"Dada, unanipumulia kisogoni.
Hebu rudi nyuma kidogo."

Nikarudi hatua mbili.
Moja nimeshaiiba.