Rafu Isiyo na Msumari

Sharti Bi Kalunde alilitoa kabla ya funguo:
"Ukuta wangu usitobolewe.
Aliyekutangulia alipiga msumari wa kalenda,
nikapoteza ukuta, nikabaki na kalenda."

Chumba cha Isevya, hatua tano kwa nne,
tofali mbichi za udongo wa kichuguu,
chokaa inayokushukia begani ukiegemea.
Nami nilikuja na chupa mia moja arobaini za asali ya Sikonge
na neno la mama: asali haikai chini,
chini kuna wenyewe.

Wenyewe walikuja usiku wa pili,
safu nyembamba, kimya,
kama watu wanaofuata kilicho chao.
Asubuhi chupa nane zilikuwa nyeusi shingoni.

Nikamwita Mihayo, wa karakana ya reli zamani,
sasa anachonga vitanda nyuma ya msikiti.
Hakuja na futi. Aligonga ukuta kwa fundo la kidole, akasikiliza,
akagonga tena pembeni, taratibu,
kama abishaye hodi kwenye nyumba ya msiba.
"Huu hauwezi kubeba hata kofia.
Lakini sakafu haina ugomvi, na boriti ni mninga.
Rafu yako haitaning'inia. Itasukuma."

Nani amewahi kuona rafu inayosukuma?

Akarudi Ijumaa na nguzo mbili
rangi ya chai isiyo na maziwa,
na chini ya kila nguzo parafujo nene kama kidole gumba cha mkulima,
toka kwenye jeki za malori yaliyofia Nzega.
Ukizungusha nati kwa spana nguzo inarefuka,
inapanda unywele kwa unywele
hadi kichwa chake kinaikuta boriti, vinabanana,
na hapo ukiitikisa, chumba kizima kinakujibu.

Matundu kila shibiri. Ndani ya matundu, vigingi
vilivyoinama juu kidogo, kama kiganja kinachopokea mtoto.
Juu ya vigingi, mbao.
Chupa ni ndefu? Hamisha kigingi.
Ubao wa chini una bawaba: uinue, ni meza;
ushushe, mgeni ana pa kulala.
Miguu akaisimamisha ndani ya makopo yenye oili chafu,
na juu, karibu na boriti, akafunga kitambaa kilicholowa oili hiyohiyo.
"Sisimizi naye ni fundi," alisema. "Atapita darini."

Bi Kalunde akaingia, akaupapasa ukuta akitafuta tundu.
Akaguna.
Mguno ule niliuweka kama risiti.

Kisha Machi.
Mvua ya siku nne, na usiku wa nne
ukuta wa magharibi ukalainika kama uji wa mgonjwa,
ukaketi chini bila kelele.
Harufu ya tumbaku ya jirani ikaingia kitandani.
Nikasubiri paa.

Paa halikuja.
Boriti ilikuwa imekaa juu ya vichwa viwili vya mninga,
ikilia kidogo,
na katikati chupa zangu zimesimama,
asali ikiyumba ndani polepole
kama haijaambiwa.

Nilimuuliza Mihayo kama aliyajua hayo.
"Mimi nilitengeneza mahali pa chupa," alisema,
akaomba chai, sukari akaikataa, akaitazama rafu.
Nilimfungulia chupa.

Ukuta umejengwa upya, safari hii kwa tofali za kuchoma.
Bi Kalunde huwaleta wageni kutazama;
hugonga nguzo kwa fundo la kidole, yeye pia, asikilize,
na mwezi uliofuata akapandisha kodi elfu tano.
"Chumba kina rafu," alisema.

Nimelipa.
Kiangazi mti hunywea, basi kila Jumamosi
nachutama na spana kando ya makopo ya oili,
nakaza robo mzunguko, si zaidi,
hadi nisikie huko juu
boriti ikisema ndiyo.