Rimu ya Gari

Tukuyu, mvua ya juzi haijakata.
Viti vitano, watu saba;
afisa ustawi kakalia debe la mahindi.

Nilizoea kuitwa niambiwe:
kavunja dirisha, kamng'ata mwenzake, mchukue.
Leo nesi ananiuliza mimi, shangazi mtu:
akianza kutetemeka, nyumbani mnafanyaje?
Nikasema, kwa aibu,
namfunika kitenge nilichombebea,
na miaka yake tisa,
nampa maharage achambue.
Wakaandika. Maharage. Wakaandika kabisa.

Mjomba Ambakisye, aliyekuja na fimbo moyoni,
akakohoa: Jumamosi aje kwangu, tukamue ng'ombe.

Ndipo wakamgeukia Lusajo mwenyewe.
Bati likapiga kelele kwa niaba yake.
"Ile rimu," akasema, "mnayogonga.
Inalia kama siku ile."

Hakuna aliyeuliza siku ipi.
Mwalimu Subilaga akatazama nje, kitambo,
rimu inaning'inia mparachichini, inachuruzika maji.
"Basi utaigonga wewe.
Ukiwa tayari ndipo shule itatoka."

Sijui kama itasaidia. Tutakaa tena mwezi ujao.
Karatasi ninayo, nimeifunga kwenye pindo la kanga;
mstari wa mwisho unasema shangazi apumzike Jumapili.
Huo sijui nani kauweka.