Hatua Mia Tisa

Jua lilikuwa mpira wa maganda ya mgomba,
tulioupiga mwaka mzima hata ukapinda upande.
Mwalimu Okalebo akauweka juu ya tofali, langoni mwa shule:
"Leo hauchezwi. Leo unazungukwa."

Akatugawia mbegu kutoka mfuko wa shati.
Dunia ilikuwa punje ya ulezi.
Emuge akaigeuzageuza, akacheka: "Hii? Na Ngora imo?
Na ng'ombe wetu?"
"Na deni la baba yako dukani," mwalimu akasema, "limo."

Tukapima kwa hatua, hatua zake, si zetu,
maana alikuwa na miguu ya korongo.
Ya kumi na mbili, Utaridi:
chembe ya mchanga iliyobandikwa kwa mate
kwenye ukucha wa Asekenye.
Ya ishirini na moja, Zuhura, ulezi tena.
Ya thelathini, Emuge, na sisi sote kiganjani mwake.
Mirihi akabaki jirani na choo cha walimu.

Hapo akachutama, akachora vumbini kwa kijiti:
tatu, sita, kumi na mbili, ishirini na nne,
kila moja mara mbili ya iliyotangulia.
"Ongeza nne. Kisha zidisha kwa tatu.
Wazee wa hesabu waliona mbingu imepandwa kwa mstari,
kama muhogo, ila shamba linazidi kutanuka."

Ya themanini na nne.
Kanuni inadai mtu, mfuko hauna mbegu.
Akatutazama mmoja mmoja, akamsimamisha Apio,
ambaye hata bila Acen
bado tulikuwa tukimwita pacha.
Akamtilia vumbi kiganjani.
"Wewe ni mahali," alimwambia.
Apio akafumba ngumi.

Baada ya hapo njia ikatumeza.
Mshtarii, ndimu changa, penye kinu cha kusaga.
Zohali, kokwa ya shea yenye pete ya waya wa spoku,
mbali hata kelele za kinu zikafa.
Okurut na Uranusi yake, nyuma ya kichuguu.
Nikabaki mimi na mwalimu na mbaazi moja.

Kanuni ilinitaka hatua elfu moja mia moja sitini na nne,
ndani ya kinamasi, mafunjo yakinifika shingoni.
Yeye akasimama ya mia tisa, pakavu.
"Neptuni yuko hapa. Kanuni inafia hapa."
"Kwa nini?"
Akakung'uta viatu. "Sijui.
Nikikudanganya utazama."

Akaniambia kengele ikilia saa nne,
nihesabu kuwa mwanga umeondoka mpirani,
na kwa kipimo chetu unatembea mwendo wa siafu:
utanifikia saa nane na robo.
Akaenda.

Sikuuona mpira. Sikuuona hata mti wa langoni.
Okurut alikuwa kidoa, kikapunga mkono,
kisha kengele ya chakula ikalia na kidoa kikakimbia.
Mimi nikangoja. Kenge akapita, hakuniuliza kitu.
Niliwaza juu ya mpira mwingine, jirani yetu wa karibu kuliko wote:
alisema uko ng'ambo ya Sahara, ng'ambo ya bahari,
na kati yake na mbaazi yangu
hakuna mtu aliyepewa hata punje ya kushika.

Aliyenijia si mwanga. Ni Apio,
na muhogo wa kuchemsha kwenye jani,
mkono wa kushoto bado ngumi.
"Hukuenda kula?"
"Hakuniambia niachie."
Akakunjua vidole. Jasho lilikuwa limefanya kazi:
vumbi lilishikana,
donge dogo, jekundu, lenye alama za vidole vyake.

Tukala. Tukarudi tukihesabu.
Kwa miguu yetu hatua zilizidi elfu,
tukapoteza hesabu penye kinu, tukaanza upya.
Tulipofika pale pasipo na mtu
Apio akainama, akaliweka donge katikati ya njia,
akalizungushia mawe matatu
ili baiskeli zipite kando.