Kisanduku cha Saba

Fomu ina visanduku kumi na vinne.
Sita vya kwanza tulivijaza siku moja
hapa kwa Endoli, juu ya meza ya kukandia unga:
jina la kikundi, nambari ya cheti,
akaunti ya benki na salio lake,
shilingi elfu moja mia tisa na arobaini
ambazo tozo huzitafuna kila mwezi kama fukusi.

Cha saba kimetukesha siku tatu.
*Eleza, kwa maneno yasiyozidi hamsini,
nani atafaidika, na mtapimaje.*

Mimi ndiye katibu. Mwandiko wangu unasomeka,
sifa nyingine sina.
Niliandika: Wakulima wadogo mia moja na ishirini.
Nikafuta.
Kavulani si mkulima mdogo.
Kavulani hana hata huo udogo:
hulima ukingo wa barabara ya Majengo kwenda Luanda,
mahali ambapo ardhi ni ya serikali
na mnavu ni wake mpaka greda lipite.

Niliandika: Familia zenye uhitaji.
Vugutsa akaninyang'anya kalamu.
"Uhitaji wa nani? Mwaka ule shule ilipofungwa
na mishahara ya walimu wa bodi ikakauka,
nani aliwapa kunde za mkopo?
Wengine hawajalipa hadi leo.
Andika kwamba tunadaiwa, na sisi pia tunadai."

Asava, mtoto wa mwenyekiti, ajuaye mitandao,
anasema wafadhili hulipenda neno ustahimilivu,
tulinyunyize kama chumvi;
na tukihitaji laki tatu tuandike milioni,
kwani wao hukata.
Yeye angeridhika na kumi kwa mia,
ya shukrani.

Endoli hakumjibu. Alikuwa akipepeta mbegu za mitoo,
mbegu za mamaye, zilalazo kibuyuni na majivu
juu ya kichanja cha moshi.
Akapuliza makapi.
"Muomba chumvi huombea chunguche," akasema.
"Basi tuambiane kwanza,
chungu hiki ni cha nani?"

Hapo ndipo kikao kilipoanza hasa,
baada ya miaka sita ya kukaa.
Ikasemwa kwamba mbegu za Endoli zimetulisha sote
na hakuna aliyewahi kumrudishia hata kibaba.
Ikasemwa kwamba Kavulani hutoa mchango sawa na wetu
lakini siku ya soko huuzia penye mtaro,
inzi wakimtangulia wateja.
Ikasemwa, kwa sauti ndogo,
kwamba toroli la kikundi hulala kwa mwenyekiti
na wa bondeni hubeba kwa vichwa.

Mtu alilia. Sitamtaja.
Mwenyekiti alitoka nje akakaa juu ya jiwe,
mojawapo ya yale mawe makubwa ya Maragoli
yanayokula nusu ya shamba wala hayalimi.
Tukadhani amekwenda zake.
Akarudi gizani, tukasikia gurudumu kabla yake,
linalia kama bata.
"Zamu iwe ya wiki," akasema, akaketi.

Saa nne usiku nikaandika:

*Watafaidika wasio na ardhi kabla ya wenye ardhi.
Mbegu tunazo.
Fedha zitajenga paa la soko, tangi, na ghala la mbegu.
Mweka hazina ni Kavulani.
Tutapima kwa sufuria:
nyumba ngapi zimekula mboga jioni bila kukopa.*

Nikahesabu kwa ncha ya kalamu: thelathini na manne.
"Yamebaki kumi na sita," akasema Asava,
"ustahimilivu unaingia mara kumi na sita."
Hata babake alicheka.

Kavulani, ambaye tangu adhuhuri hakuwa amefungua kinywa,
akaniinamia begani akanusa wino.
"Ongeza kwamba toroli tunalo," akasema,
"wasije wakatuletea jingine
wakasema ndilo paa."

Nikaongeza.
Bado visanduku saba.